Kilo Tatu za Unga

Tunaishi ndani ya behewa.
Si la safari; halijawahi kuwa na magurudumu.
Ni sanduku la chuma lililoletwa Gyumri
mwaka ule ardhi ilipojinyonganyonga,
wakasema, "Miezi michache tu, nyumba zinakuja."
Mume wangu alizaliwa humu. Sasa ana mvi.

Yuko Urusi, anapiga lipu majumba ya watu.
Tangu Oktoba simu yake inaita, haipokelewi.
Nimebaki na watoto wawili, jiko la kuni,
na mama yake.

Mavyaa wangu, Haykanush, hajui kuhubiri.
Ukimwuliza habari za Mungu
atakwambia funga mlango, baridi inaingia.
Kanisani husimama nyuma, karibu na sinia la mchanga,
huwasha mshumaa mmoja, ule mwembamba wa bei ya chini,
kisha hurudi kukwangua barafu kizingitini.

Jumatatu ile alitoka dukani kwa Hamazasp.
Akapanga vitu mezani: unga, chumvi, sukari robo.
Akahesabu kwa vidole,
akahesabu tena.
"Unga hakuuandika," akasema.
"Daftari nililiona. Kilo tatu. Hakuziandika."

Nikamwambia: Nyamaza, mama.
Nikamwambia: Hamazasp ana gari, ana meno ya dhahabu,
hutuuzia mayai viza na hata samahani hasemi.
Nikamwambia (Mungu anisamehe, au aache tu)
labda hiki ndicho ulichokuwa ukikiomba kila usiku,
kilo tatu za unga kutoka mbinguni,
nawe unataka kumrudishia mtumaji?

Hakunijibu. Alijifunga kitambaa,
akavaa viatu vya marehemu mumewe,
vile vikubwa alivyovishindilia magazeti,
akaingia kwenye theluji.

Dirishani nilimtazama akipungua.
Digrii kumi na nane chini ya sifuri.
Nilitukana. Nilitukana kwa sauti, watoto wakisikia,
kisha nikatia jikoni gogo tuliloliweka kwa ajili ya kesho.

Alirudi giza limeshatanda,
nyusi nyeupe, hawezi kufungua vifungo.
Nilimfungulia mimi. Vidole vyake vilikuwa misumari.
"Ameandika?"
"Ameandika."
"Kasemaje?"
"Kaniita mpumbavu."
Akanyamaza, akavuta pumzi.
"Na kwamba sasa deni limevuka mstari.
Hatukopeshi tena mpaka tulipe."

Hapakutokea muujiza, usiungoje.
Hakuna aliyebisha hodi na kapu.
Simu haikulia.
Alikanda unga uleule,
akachora msalaba juu ya donge kwa ukingo wa kiganja
kama afanyavyo siku zote, haraka, bila kufumba macho,
akaoka, akakata kipande cha Vergine,
yule jirani asiyeona,
na nilikichukia kile kipande
kwa sababu kilikuwa kikubwa kuliko changu.

Usiku wa manane nilimsikia akilia
taratibu, chini ya blanketi,
kama mtu anayehesabu sarafu asiwaamshe wenzake.
Halafu, kwa mnong'ono:
"Bwana, ziko daftarini. Zote. Sasa ni juu yako."
Akageuka upande wa ukuta. Akaanza kukoroma.

Mimi ndiye niliyekesha.

Alhamisi, kiwandani, msimamizi alinihesabia soksi
akanizidishia dazeni mbili.
Dazeni mbili ni kuni za siku tatu.
Kalamu yake ilikuwa imeshaandika, karatasi imeshageuzwa,
mwanamke wa nyuma yangu ameshasogea.
Mdomo wangu ulifunguka kabla sijaushika.

Nilikasirika njia nzima mpaka nyumbani.
Kuni hatukuwa nazo.
Mkate wa juzi ulikuwepo, mgumu,
na mtu alikuwa amekwangua barafu kizingitini
nisije nikateleza.